Shoka la Bwana Pruden

Kila asubuhi nilifanya mambo yale yale. Nilichochea makaa yaliyobaki usiku, nikachukua ndoo mbili na kushuka hadi kwenye chemchemi. Nilipasua barafu kwa kisigino, nikateka maji, nikapanda nayo. Nilimkamua ng'ombe, nikakoroga uji wa mahindi, kisha nikamwamsha mdogo wangu Eli, ambaye alikuwa na miaka mitano na usingizi wa mtu wa miaka themanini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Yalikuwa majira ya baridi ya kwanza tangu baba afariki.

Mti ulimwangukia mwezi wa Novemba. Sitasema zaidi kuhusu siku hiyo. Nitasema tu kwamba sikulia, hata kaburini sikulia, na wanawake wa bonde letu wakanong'ona kwamba binti wa Jotham Corwin ana moyo wa jiwe. Moyo wangu haukuwa wa jiwe, ulikuwa umeingia ganzi. Nilikula bila kujua nimekula nini. Eli alipojaribu kunitekenya nilimtazama tu mpaka akaniacha. Na nyumbani mwetu jina la baba halikutajwa. Mama alikuwa ameliweka mbali, pamoja na koti lake na kofia yake, nasi watoto tukamfuata.

Uani kwetu palikuwa na jiwe la kunolea. Lilikuwa la duara, pana kama gurudumu la mkokoteni mdogo, limekaa juu ya miguu ya mbao, na lilikuwa na mkono wa chuma wa kulizungushia. Baba alilileta kwa mashua kwa mto Susquehanna, na katika bonde zima hapakuwa na lingine zuri kama hilo. Jirani yeyote aliruhusiwa kuja kunoa. Sharti lilikuwa moja, na kila mtu alilijua: mwenye shoka huja na mzungushaji wake, maana kulizungusha jiwe lile ni kazi ya kuvunja mabega.

Bwana Asahel Pruden alikuja peke yake.

Shamba lake lilipakana na letu upande wa magharibi. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti iliyotangulia kufika kabla yake.

"Zilpah, binti yangu! Mbona umekonda hivyo? Au huyu Eli anakula sahani mbili?"

"Hatujambo, Bwana Pruden," nikajibu, ingawa hakuwa ameniuliza hali.

Akatoa mfukoni kipande cha sukari ya miti, ile tunayoipika kwa utomvu mwezi wa Machi, akanitia mkononi. Kisha akaliangalia shoka lake na kuvuta pumzi ndefu. "Nina shoka butu na bega bovu. Na vijana wangu wamekwenda kusaga unga. Sijui nifanyeje."

Aliutazama mkono wa lile jiwe, akanitazama mimi, akautazama tena.

"Naweza kuzungusha," nikasema.

"Wewe? Na vimikono hivyo?"

Nikazungusha. Yeye akalaza makali ya shoka juu ya jiwe, maji yakarukaruka, na kelele ikajaa uani.

"Loo! Nina vijana watatu nyumbani, wote ukiwaunganisha hawafikii hapa! Ningekuwa na binti kama wewe ningewafukuza wote watatu kesho asubuhi."

Alinivika kilemba cha ukoka, nami nilijua ni cha ukoka. Watoto si wajinga kama watu wazima wanavyodhani. Sifa zake ziliingia sikio hili zikatokea lile. Niliendelea kuzungusha kwa sababu mtu anayezungusha jiwe hahitaji kufikiri, na mimi sikutaka kufikiri. Lakini baadaye, alipokuwa akijaribu makali kwa kidole gumba, alisema neno lililonikamata.

"Jotham ndiye aliyekufundisha. Jotham Corwin! Nakumbuka siku aliyolileta jiwe hili kutoka mtoni. Alikuwa analisemesha njia nzima kama ng'ombe mkaidi."

Mikono yangu ilisimama. Kwa miezi mitatu sikuwa nimelisikia jina lile.

"Alilisemesha nini?" nikauliza.

"Alilitukana, mwanangu! Halafu alipofika mlangoni akaliomba radhi, maana mama yako alikuwa anasikiliza."

Sikucheka. Ila nilitamani aseme zaidi, kama mtu mwenye njaa anavyotamani mkate wa jirani. Bwana Pruden aliliona hilo usoni mwangu kabla mimi mwenyewe sijalijua.

Alirudi siku mbili baadaye na shoka lile lile, ambalo lilikuwa bado linakata. Alirudi tena kwa mara ya tatu wiki hiyo hiyo. Kila mara alikuwa na kisa kimoja kifupi kuhusu baba, na kila mara nilizungusha jiwe mpaka mabega yakawaka moto. Mama alimwona dirishani akaniambia, "Ni mtu mwema. Wengine wametusahau." Hata yeye hakujiuliza kwa nini shoka moja linolewe mara tatu katika wiki moja.

Mara hiyo ya tatu Bwana Pruden alipunguza sauti.

"Binti yangu, nina wasiwasi juu yenu. Mjane akiwa peke yake, watu huanza kusogeza mipaka. Mimi nataka niutetee mpaka wenu. Lakini nitauteteaje, na siujui mti wa pembe uko wapi?"

Kwetu mashamba hayakuwa na ukuta wala uzio. Pembe ya shamba ilikuwa mti hai, aliouchagua mpima ardhi siku ya kupima na kuutia chale tatu kwa shoka. Mti huo ulikuwa shahidi. Hati yetu ilisema shamba linaanzia "kwenye mwaloni mweupe juu ya chemchemi", basi. Mialoni myeupe ilikuwa zaidi ya mia kilimani pale, na chale za zamani zilikuwa zimefunikwa na gome. Mama hakuujua mti wenyewe. Mimi niliujua, kwa kuwa baba alinitembeza mpakani majira ya kupukutika majani, wiki chache kabla ya kufa kwake.

Na aliniambia hivi: "Mpaka hauonyeshwi kwa mtu mmoja, Zilpah. Waonyeshe watu wawili, au usionyeshe kabisa. Mtu mmoja hana wa kumsuta."

Nilikumbuka maneno hayo. Nisingependa mtu aseme kwamba nilisahau. Niliyakumbuka, lakini Bwana Pruden alisema, "Jotham angetaka nijue," nami nikapanda naye kilimani. Nikaweka kiganja changu juu ya mwaloni na kusema, "Ni huu."

"Hodari wewe," akasema, akanipa sukari nyingine.

Siku mbili baadaye tulisikia shoka likilia kilimani kutwa nzima. Mama akasema Bwana Pruden anakata kuni. Wiki moja baada ya hapo alikuja kwetu akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Hakutuletea sukari.

"Bi Corwin, nimeisoma hati yangu vizuri. Mwaloni wa pembe ni ule ulioanguka zamani, upande huu wa chemchemi. Kwa hiyo chemchemi ni yangu. Na ile miti ya sukari pia."

Mama aliushika mlango. "Asahel, chemchemi hiyo tumekunywa tangu siku tuliyooana."

"Mmekunywa, nami sikuwadai kitu. Kama kuna mti mwingine wenye alama, nionyeshe."

Tulipanda, mama na mimi. Pale juu palikuwa na kisiki tu. Kilikuwa kimechomwa moto kikawa cheusi. Gogo lilikuwa limekokotwa kwa maksai, vibanzi vimefagiliwa, na theluji mpya ilikuwa imeanza kufunika alama za kwato. Mama alizunguka huku na huko akiitazama mialoni mingine mmoja mmoja. Bila chemchemi ile hatukuwa na maji ya kunywa wala ya ng'ombe, na bila miti ya sukari hatukuwa na cha kuuza wakati wa kuchipua. Shamba lisilo na maji si shamba. Sote wawili tulijua hivyo.

"Nani aliujua mti wetu?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi, alikuwa anauliza hewa.

Nikashuka na ndoo. Niliteka maji ambayo hayakuwa yetu tena, nikakamua, nikakoroga. Mambo yale yale. Siku ya pili nilimkuta mama akikunja mashuka na kuyapanga ndani ya sanduku. Alikuwa amemwandikia kaka yake kule Connecticut.

"Atatuchukua?" nikauliza.

"Atamchukua Eli. Wewe utakwenda kwa shangazi yako, kufanya kazi ya nyumba. Mimi nitajua pa kwenda."

Alisema kwa upole, kama mtu anayegawa viazi. Nilimtazama Eli akicheza na kijiko chini ya meza. Bado sikuhisi kitu, lakini nilijua kwa akili yangu kwamba jambo hili ni baya na kwamba ni la kwangu. Wakati mwingine akili inabidi iende mbele, moyo utafuata ukiweza.

"Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwonyesha."

Akaacha kukunja.

"Na shoka alilokatia, nilimsaidia kulinoa."

"Kumbe ni kwa shoka lile ulilomzungushia jiwe?"

"Mara tatu."

Nilingoja kofi. Mama alikaa juu ya sanduku, akaziba uso kwa shuka, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Alipoushusha mkono macho yake yalikuwa makavu. "Basi kesho twende kwa Mzee Marcy. Na utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea hata neno."

Mzee Gideon Marcy alikuwa mpima ardhi aliyepima mashamba yote ya bonde letu. Aliishi maili saba kutoka kwetu. Tulimkuta akishona buti, mguu mmoja una soksi na mwingine mtupu.

"Sema," aliniambia, na sindano ikaendelea kupanda na kushuka.

Nikasema yote. Nilipomaliza akauliza, "Alikupa nini?"

"Sukari."

"Sukari tu? Uso wako si wa mtoto anayeuza shamba kwa sukari."

Nilitazama sakafu. "Alinisimulia habari za baba."

Mama alinigeukia ghafla, halafu akatazama dirishani. Mzee Marcy alikata uzi kwa meno.

"Sikilizeni. Yule mwaloni ameshakufa, tusimlilie. Nina dira, lakini dira peke yake haitoshi. Sindano yake huhama kidogo mwaka hadi mwaka, na Asahel atasema nimezeeka. Ila shahidi wa mpaka si mmoja tu. Kila tulipopita tulichanja na miti ya njiani, chale moja kila upande. Miti hiyo haimo kwenye hati, na Asahel haijui. Gome limeshaziba chale. Baba yako alikuonyesha?"

"Alinionyesha."

"Unaikumbuka?"

"Hapana."

Ilikuwa kweli. Ile siku ya kutembea na baba nilikuwa nimeizika. Niliukumbuka mwaloni wa pembe tu, basi.

"Basi utajitahidi kukumbuka siku ya Alhamisi," akasema Mzee Marcy, akavaa buti lake.

Alhamisi tulikusanyika kwenye kisiki cheusi: Mzee Marcy na dira yake, majirani wawili wasio na undugu na upande wowote, mama, mimi, na Bwana Pruden aliyekuja akitabasamu.

"Mmemleta mtoto atupimie ardhi?" akasema. "Mngemleta na paka."

"Paka hana mdomo wa kukutaja, Asahel," akajibu Mzee Marcy. "Haya, Zilpah. Tangulia."

Nilitangulia. Miti ilikuwa mingi na yote ilifanana. Baba alikuwa amepita hapa, nami nyuma yake. Alivaa nini? Koti la kahawia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kidogo. Kila kumbukumbu iliyokuja nilitaka kuirudisha ilikotoka, kwa sababu nilijua zikija hizi na nyingine zitakuja. Lakini Eli angepelekwa Connecticut. Nikaziacha zije. Baba alisimama penye mwinuko, akanivua glavu, akasema, "Theluji ikija hudanganya macho. Tumia kiganja." Penye mwinuko. Nikakimbia mpaka kwenye mwinuko.

Palikuwa na miti minne. Nikavua glavu, nikapapasa. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba baada ya mti wa kwanza vidole vyangu vilikufa kabisa. Niliupapasa wa pili sikuhisi kitu, wa tatu sikuhisi kitu. Nikarudi wa kwanza. Nilikuwa kama ninagusa kwa mikono ya mtu mwingine.

"Tutalala huku?" akauliza Bwana Pruden.

Nikaweka shavu langu kwenye mti. Shavu lilikuwa bado na uhai. Nikalishusha polepole juu ya gome.

"Anaubusu mti!" akacheka Bwana Pruden. Hakuna aliyecheka naye.

Kwenye mti wa tatu, kimo cha kifua cha mwanamume, gome lilikuwa na mshono, mstari mwembamba uliobonyea kama kovu la zamani. Niliupitishia shavu mara mbili.

"Hapa," nikasema.

Mzee Marcy alivua koti, akakata juu ya mshono, akakata chini yake, akapigilia kabari. Kipande kikatoka, nacho kikaachana chenyewe vipande viwili. Ndani ya mti, mahali ambapo hapakuwahi kuonwa na jicho tangu gome lizibe, palikuwa na sehemu bapa, nyeusi, yenye mikato ya shoka iliyo wazi kabisa. Mzee Marcy akachukua kisu, akahesabu kwa ncha yake miviringo ya ukuaji iliyoifunika chale, mwaka kwa mwaka, kwa sauti, majirani wakihesabu pamoja naye. Ishirini na moja. Akampa jirani mmoja karatasi ya zamani asome tarehe ya upimaji. Ilikuwa miaka ishirini na moja iliyopita.

"Sasa tazameni mkato ulivyoinama," akasema. "Aliyeukata ni mtu wa mkono wa kushoto. Siku hiyo nilimwajiri kijana wa miaka kumi na saba anichanjie miti. Hakujua kwamba siku moja angelinunua shamba hili mwenyewe. Zilpah, hilo ni shoka la baba yako."

Kutoka hapo kazi ilikuwa nyepesi. Walipata mti mwingine wenye chale mbele kidogo, wakavuta mstari kati ya miti ile miwili, na mstari ukapita katikati ya kisiki cheusi. Chemchemi ilikuwa ndani ya shamba letu kwa hatua arobaini.

"Njia ya mwongo ni fupi, Asahel," akasema Mzee Marcy. "Yako imeishia kwenye kisiki hiki. Kuna adhabu kwa mtu anayekata mti wa mpaka, na wewe unaijua."

Bwana Pruden alivua kofia kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Sikudhani... Nilidhani wataondoka tu. Wangeondoka hata hivyo."

"Utaleta jiwe la mpaka," akasema mama. Sauti yake haikupanda. "Kwa maksai wako, na utalichimbia hapa mbele ya hawa. Halafu kama hakimu ana la ziada, atakuambia."

Alilileta Jumamosi. Aliinama akichimba ardhi iliyoganda, na hakuna aliyemsaidia.

Mzee Marcy alinivuta kando kabla ya kuondoka. "Sikulaumu kwa kuzungusha jiwe, mtoto. Kumsaidia jirani ni jambo jema, usiliache. Lakini mtu akikumwagia asali, mtazame mkononi. Ukiona ana shoka la kunoa, muulize la kukatia nini, kabla hujashika mkono wa jiwe. Mwenye nia safi atakujibu mara moja."

Hadi leo, kwetu mtu akisemwa kwamba ana shoka la kunoa, hakuna anayetafuta shoka. Watu huangalia nia yake. Nasikia kila bonde lina kisa chake cha jinsi msemo huo ulivyoanza, nami siwabishii. Hiki ni chetu.

Jioni ya Jumamosi ile mama alitoa mashuka sandukuni. Alipofika chini kabisa alisimama, akiwa ameshika koti la kahawia.

"Zilpah, kosa lako umelikiri mwenyewe, na limekwisha. Sasa nisikilize nikiri langu. Nilinyamaza humu ndani mpaka mwanangu akaenda kulitafuta jina la baba yake kwa mwizi." Akakaa chini karibu na moto, akamvuta Eli magotini. "Mwizi huingia panapokuwa na njaa. Njaa hiyo niliiacha mimi. Haya. Jotham, baba yenu, siku ya kwanza kuniona, alianguka kwenye zizi la nguruwe."

"Baba?" akauliza Eli.

"Kichwa kwanza."

Eli alicheka mpaka akakwama. Mimi nilisikia kitu kikianza kuuma kifuani, kama vidole vilivyoganda vinavyouma damu inapoanza kurudi. Kiliuma sana. Mama aliona, akanisogezea upande wa koti, akaendelea kusimulia, nami nikalia mpaka kisa kikaisha, nikamwomba asimulie kingine.